Dada Masiti wa Barawa, Nyanya wa Mji Mzima



Katika kurasa hizi tumezoea kueleza maisha ya wanavyuoni wanaume. Mara hii tumeazimu kumtaja mwanamke, naye ni Mana Siti binti Habib Jamaluddin wa Barawa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dada Masiti. Msomaji asidhani kwamba hili "dada" ni ndugu wa kike kama tulitumiavyo sisi. Kwa watu wa Barawa dada ni nyanya. Mji mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Nyanya Masiti, na watu wa kuitwa hivyo na mji mzima ni wachache katika pwani yetu.

Hatuna budi kukiri kwamba jambo hili halikupita katika darasa yetu bila ya mashindano. Wako ndugu walionena kuwa bibi huyu alikuwa mtu wa tarika, na kaburi lake limekuwa likizuriwa, basi kumtaja kwa wema ni kuufungua mlango tulioufunga kwa taabu. Tumewasikiliza. Nao twawaomba watusikilize mpaka mwisho.

Jina lake tulilisikia kwanza mwaka 1991, nasi tungali mtoto wa chuoni. Mwaka huo serikali ya Somalia ilianguka, na watu wa Barawa wakakimbia kwa vyombo vya bahari mpaka Mombasa, wakawekwa katika makambi, moja likiwa Utange. Nyanya yetu mzaa mama, mtu wa Msambweni, wakati huo alikuwa akikaa Kisauni kwa mwanawe. Akapata suhuba na mama mmoja wa Kibarawa wa umri wake. Kila baada ya alasiri walikaa barazani wakisuka ukili, huyu akisema Kidigo na Kiswahili chake, yule Chimini chake, na nusu ya maneno ikipotea njiani bila ya yeyote kujali. Yule mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku vidole vikienda. Tukamuuliza aliyeyatunga ni nani, naye akastaajabu kwamba yuko mtoto wa Kiislamu asiyemjua Dada Masiti.

Barawa ni mji wa kale wa bandari katika pwani ya Banadir, kusini ya Mogadishu. Chimini, ambayo wengine huiita Chimbalazi, ni ndugu ya Kiswahili chetu aliyekaa mbali kaskazini. Mtu wa Vanga akiisikia mara ya kwanza hudhani haelewi kitu, lakini akitulia huanza kuyatambua maneno moja moja, kama atambuavyo nyuso za jamaa asiowaona siku nyingi. Mji huo uliwapa Waislamu wa Unguja makadhi wakubwa, kama Sheikh Muhyiddin al-Qahtani na Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi aliyefariki mwaka 1896. Elimu yao twaijua kwa kuwa waliandika vitabu, tena kwa Kiarabu. Ya wanawake wa mji huo huo hatungaliijua kama si huyu nyanya.

Alizaliwa katika karne ya kumi na tisa, katika nyumba ya Masharifu. Riwaya iliyo mashuhuri yasema kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama sita aliibwa, akapelekwa Unguja, akafanywa mtumwa. Akakaa katika hali hiyo kiasi cha miaka kumi, mpaka jamaa zake walipompata na kumrejesha kwao. Wako wazee wasimuliao kutoka kwake kwa njia nyingine, lakini hii ndiyo iliyoenea, nasi twaishika.

Hapa twataka kusimama kidogo. Biashara ya watumwa katika bahari yetu ilifanywa na Waislamu pia, na pwani yetu hii ya kusini nayo iliijua vizuri. Sisi masheikh tukiulizwa huwa wepesi kusema kwamba dini imehimiza kuacha huru, na hilo ni kweli. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha vilevile kwamba amuuzaye mtu huru akaila thamani yake ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao siku ya Kiyama. Waliomchukua mtoto huyu hawakuwa wasioijua kibla. Kuwa yeye ni wa nasaba ya Sharifu hakukumfaa, kwani mtoto wa miaka sita hana hati shingoni ya kuonyesha ukoo wake. Na wale wengine waliokuwa katika jahazi hizo hizo, wasiokuwa na jamaa wa kuwatafuta, haki yao haikuwa pungufu kwa lolote. Masharifu walimtafuta mtoto wao, na walifanya vyema. Watoto wa bara hawakuwa na mtafutaji.

Alirudi Barawa akiwa msichana aliyekwisha kukua, miaka ambayo wenzake walikaa chuoni imempita. Mwengine angalijificha nyumbani kwa haya, kwani watu wa mji husema. Yeye alikaa kitako akasoma, akashika ibada, akaingia katika mambo ya tarika ya Qadiriyya ambayo katika Barawa iliendeshwa na Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa huko mwaka 1847. Alipopata elimu hakuifungia sandukuni. Aliona kwamba mwanamke wa mji wake anaswali bila ya kufahamu asemacho, anafunga, anazika, anahesabu siku za eda, na yote ameyapokea kwa kuiga tu. Vitabu viko, lakini viko kwa Kiarabu na viko msikitini, naye hana kimoja wala hana njia ya kingine. Basi Dada Masiti akatunga tenzi, ambazo wao huziita steenzi, kwa Chimini, lugha ya jikoni na ya uani. Akatia humo kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na sifa za Mtume, na habari ya mauti na hisabu. Utenzi una faida ambayo kitabu hakina: asiyejua alifu aweza kuuhifadhi, akaenda nao shambani na kisimani.

Wapenzi wasomaji, hili ndilo lililotufanya tumwandike. Sote twamkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Twamhisabu kuwa baba wa islahi katika pwani yetu, kwa sababu gazeti lake la Sahifa la mwaka 1930, na Al-Islah lililofuata mwaka 1932, aliyaandika kwa Kiswahili ili Mwislamu wa kawaida afahamu. Na alifanya vyema kabisa. Lakini kuwasomesha watu dini kwa lugha wanayoijua, nyanya mmoja wa Barawa alikuwa amekwisha kukufanya kabla yake, hana mtambo wa kupigia chapa wala mwandishi wa kumsaidia.

Utenzi wake ulio mashuhuri kuliko wote wamhusu Sheikh Nureni Ahmed Sabir, mwanachuoni mkubwa wa Barawa aliyefariki mwaka 1909. Mwaka huo huo Sheikh Uways naye aliuawa huko Biyoley na watu wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, na huo ni msiba wa Waislamu kuuana wao kwa wao. Utenzi huo waeleza kwamba kila kilicho hai mauti yanakifuata, na kwamba mjuzi na asiyejua wote watapita njia hiyo. Watu husimulia kwamba bibi alikuwa na khabari ya kifo cha Sheikh kabla hakijatokea. Sisi hatulikubali jambo hili kwa namna lisimuliwavyo. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mwanamke mzee amwonaye mwalimu wake mgonjwa, naye amezika watu wengi maishani, hahitaji kufunuliwa ghaibu ili ajue kinachokuja.

Na tuyaseme yaliyo wazi. Katika tenzi za Barawa yamo maneno ya kutawasali kwa masheikh waliokufa, na hayo hatuyafuati wala hatumfundishi mtu. Kukusanyika makaburini kila mwaka kwa kutaka haja tumekukataza, na tungali twakukataza. Lakini tumeona pia upande wa pili. Kwa miaka kadhaa mpaka Oktoba 2014 mji wa Barawa ulikuwa mikononi mwa watu wa Al-Shabaab, na katika miji ya kusini ya Somalia waliyavunja makaburi ya masheikh kwa jina la kusafisha dini. Ndugu waliotukataza kumtaja Dada Masiti hawamo katika hao, Mwenyezi Mungu awaepushe. Ila twawauliza: mwenye nyundo alimsomesha nani nguzo za swala? Lililo kosa hukosolewa kwa elimu, na mtu hushukuriwa kwa lililo jema alilolifanya. Yule mama wa Utange alijua tauhidi yake sawasawa, na aliipata kwa mdomo wa mama yake, nayo ilianzia kwa bibi huyu.

Dada Masiti alifariki Barawa mwaka 1919, yaani 1337 wa Hijra, akiwa mzee sana. Zaidi ya miaka sabini baadaye mji wake ulitawanyika, watu wakaenda Mombasa, London na Marekani, na tenzi zikaenda nao. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walizipiga chapa pamoja na za washairi wenziwe wa Barawa, kwa Chimini na kwa fasiri ya Kiingereza. Kwa Kiswahili bado hatujaziona.

Suhuba wa nyanya yetu alisafirishwa na wanawe kwenda Marekani kabla makambi hayajafungwa. Waliagana barazani, na nyanya akampa jamvi alilolisuka. Alirudi Msambweni na beti chache alizozishika kwa sikio, maneno mengine ameyageuza kuwa Kidigo, na mpaka alipofariki alikuwa akizisoma akimaliza swala ya alfajiri. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, na suhuba wake popote alipo, na Dada Masiti. Amin.