Pellegrino Artusi

Pellegrino Artusi (Forlimpopoli, 4 Agosti 1820 – Firenze, 30 Machi 1911) alikuwa mfanyabiashara na mwandishi wa Italia. Anajulikana hasa kwa kitabu chake cha mapishi, La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, maana yake Sayansi jikoni na ufundi wa kula vizuri. Kwa kitabu hicho mapishi mengi ya nyumbani, ambayo watoto walijifunza kwa kumtazama mama au bibi jikoni, yalifahamika katika sehemu nyingi za nchi.

Maisha

Artusi alizaliwa katika familia ya wafanyabiashara wenye mali huko Forlimpopoli, katika eneo la Romagna, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Dola la Papa. Alisoma seminari ya Bertinoro, kisha akaingia katika biashara ya baba yake.

Usiku wa tarehe 25 Januari 1851, genge la jambazi Stefano Pelloni, aliyeitwa Passatore, lilivamia mji. Majambazi waliuteka ukumbi wa michezo ya kuigiza wakati wakubwa wa mji wakiwa ndani, wakadai fedha na kupora nyumba zao. Nyumba ya akina Artusi ilikuwa mojawapo. Gertrude, dada yake, alitendewa ukatili usiku huo, akapatwa na maradhi ya akili, na hatimaye akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Baada ya msiba huo familia ilihamia Firenze. Huko Artusi alifanya biashara ya hariri na shughuli za fedha. Alipofikia umri wa miaka 50 hivi aliacha biashara na kujishughulisha na fasihi. Aliandika juu ya washairi Ugo Foscolo na Giuseppe Giusti, lakini vitabu hivyo havikupata wasomaji wengi. Hakuoa.

Kitabu cha mapishi

Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861, lakini watu wengi waliendelea kusema lahaja za kwao, na kila eneo lilipika kwa namna yake. Jikoni kwa matajiri yalitawala mapishi ya Kifaransa pamoja na majina yake. Artusi aliandika kwa Kiitaliano chepesi, kwa ajili ya familia za kawaida za mijini.

Kazi kubwa ya jikoni ilifanywa na wapishi wake wawili: Francesco Ruffilli, mzaliwa wa Forlimpopoli, na Marietta Sabatini kutoka Toscana. Wao walipika na kujaribu. Yeye alionja, alisahihisha na kuandika.

Kitabu kilitoka mwaka 1891, Artusi akiwa na umri wa miaka 71. Alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,000 zenye mapishi 475. Nakala mbili alizotoa kwa bahati nasibu ya hisani mjini kwao ziliuzwa na washindi kwa muuza tumbaku. Baadaye kitabu kilipendwa. Wasomaji, wengi wao wanawake, walimwandikia barua za kuuliza, kusahihisha na kumpelekea mapishi ya familia zao. Yaliyofaa aliyaongeza, hata toleo la mwaka 1911 likafikisha mapishi 790.

Mapishi mengi huambatana na kisa. Katika maelezo ya supu ya minestrone anasimulia kwamba mwaka 1855 aliumwa tumbo usiku huko Livorno, akailaumu supu aliyokula. Baada ya kurudi Firenze alipata habari kwamba mwenye nyumba alimolala amefariki kwa kipindupindu.

Kitabu kina upungufu wake. Romagna na Toscana zimepewa nafasi kubwa kuliko Italia ya kusini, na chakula cha maskini hakionekani sana.

Urithi

Katika wosia wake Artusi aliwaachia Marietta na Francesco haki za kitabu. Mji wa Forlimpopoli nao uliachiwa sehemu ya mali yake. Alizikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte, Firenze.

Kitabu chake bado kinachapishwa, na katika nyumba nyingi za Italia nakala ya zamani hurithiwa na binti kutoka kwa mama yake. Forlimpopoli huadhimisha tamasha la Artusi kila mwaka, na tangu 2007 ina Casa Artusi, kituo cha mapishi ya nyumbani chenye maktaba na shule ya upishi. Wanaofundisha kukanda na kusukuma unga wa tambi huko huitwa Mariette, kwa heshima ya Marietta.