Moïse Tshombe na kiti cha mbele katika ndege

Siku hizi kompani nyingi za ndege ziko zinafunga klasi ya kwanza. Ukipanda ndege ya Brussels Airlines ao ya Ethiopian Airlines kutoka Kinshasa, mbele kabisa unakuta paka business. Air France bado iko na klasi ya kwanza, lakini ni viti vine tu katika ndege moja, tena katika Boeing 777 kadhaa tu. Njo maana watu wanauliza: klasi ya kwanza iko na kesho, ao imeisha?

Hapa Kamina mtu anaweza kusema swali hili halituhusu. Sisi tunajua zaidi klasi za train, kwa sababu reli ya kutoka Lubumbashi inakutana hapa na ile ya kwenda Kalemie. Lakini kuna mtoto mmoja wa Katanga ambaye maisha yake yanaweza kutusaidia kujibu. Mambo yake makubwa karibu yote yaliamuliwa kwenye kiwanja cha ndege, na mengine yalipita juu ya vichwa vya wazee wetu, pale kwenye base ya Kamina, BAKA. Huyo ni Moïse Kapenda Tshombe.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 kule Musumba, upande wa Kapanga, kwenye mji wa mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mfanyabiashara tajiri, mmoja wa watu weusi wachache waliokuwa na mali wakati ule wa ukoloni. Mtoto alisoma kwa wamisionari Wametodisti wa Marekani, akajifunza kazi ya hesabu. Akaoa Ruth, binti ya Mwant Yav Ditende. Kwa hiyo alikuwa na feza upande mmoja na ukoo wa kifalme upande wa pili. Alipoachiwa biashara, haikumwendea vizuri, maduka yalianguka. Njo akageukia politike.

Tangu 1951 aliingia katika baraza la jimbo la Katanga. Chama cha CONAKAT kilizaliwa mwaka wa 1958, naye akawa prezida wake mwaka uliofuata. Mwezi wa Januari 1960 alikuwa Brussels kwa Table Ronde, pamoja na wakubwa wengine wa Kongo. Tukumbuke ndege za wakati ule zilikuwa namna gani. Mbele ya mwaka wa 1952 tiketi zilikuwa karibu za klasi moja tu, ile ya watu wa feza. Mwaka ule kompani zilianza kuuza klasi ya touriste juu ya Atlantika, na 1958 ikafuata klasi ya économie. Mwezi ule ule wa Januari 1960 Sabena ilianza kutumia Boeing 707. Kwa mtu wa kizazi cha Tshombe, kukaa mbele katika ndege ilikuwa alama kwamba umefika pale Wazungu walipokuwa wanakaa peke yao.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi zilipopita, askari Wabelgiji walitoka BAKA kwenda Élisabethville, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Kesho yake ndege iliyobeba Prezida Kasavubu na Waziri wa Kwanza Lumumba ilifika juu ya Élisabethville. Ikakataliwa kutua. Wakubwa wawili wa inchi nzima, waliochaguliwa, wakageuzwa hewani kama wageni wasio na tiketi. Tulishike neno hili, kwa sababu Tshombe mwenyewe atakuja kulionja.

Union Minière ikaanza kulipa kodi yake kwa Élisabethville badala ya Léopoldville. Feza ya shaba, jasho la wachimbaji wa Kolwezi, Jadotville na Kipushi, ililipa gendarmes, mamluki na ndege. Mwanzoni mwa 1961 Katanga ilipokea ndege tatu za vita aina ya Fouga Magister.

Huku kwetu kaskazini, watu wengi walikuwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe na hawakutaka kujitenga. Vita ikaingia. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia porini, njaa ikaua. Kule Élisabethville makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU mwaka wa 1961. Kuna nyumba za Kamina ambamo jina la Tshombe halitajwi wakati wa chakula hata leo. Kuna nyumba nyingine, zaidi kule kusini, ambamo wanamkumbuka kama mtu aliyelipa mishahara kwa wakati. Sisi tunaandika yote mawili, kwa sababu yote mawili yalikuwako.

Tarehe 17 Januari 1961 ndege DC-4 ya Air Congo ilitua Élisabethville. Ilikuwa ndege ya kompani, lakini hapakuwa na abiria wa kawaida ndani. Ndani mlikuwa Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa kamba, wamepigwa njia nzima. Usiku ule ule waliuawa porini. Tume ya bunge la Ubelgiji ilisema mwaka wa 2001 kwamba Tshombe na maminisitiri wake kadhaa walikuwako pale walipouawa. Hii ndiyo deni kubwa ya maisha yake, na hakuna kiti cha ndege kinachoweza kuifunika.

Mwezi wa Aprili mwaka ule Tshombe alikwenda Coquilhatville, leo Mbandaka, kwa mkutano wa wakubwa wa Kongo. Hakupenda mambo yalivyoenda, akaamua kurudi nyumbani. Alifika kwenye kiwanja cha ndege, na pale pale askari wakamkamata. Akakaa kifungoni mpaka mwezi wa Juni. Ndege ilikuwako, piste ilikuwako, lakini mwenye njia alikuwa mtu mwingine.

Septemba 1961 vita ikaanza kati ya Katanga na ONU. Fouga Magister moja tu iliwasumbua askari wa ONU sana. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, akaruka kutoka Léopoldville kwenda kuonana na Tshombe kule Ndola. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 ndege yake DC-6 ilianguka karibu na Ndola, watu 16 wakapotea. Tshombe alikuwa anamngojea. Mpaka leo ONU ingali inachunguza sababu ya ajali ile.

Mwezi wa Desemba Kennedy, prezida wa Marekani, alituma ndege ya prezida kumchukua Tshombe Ndola na kumpeleka Kitona, kwa mazungumzo na Cyrille Adoula. Mtoto wa mfanyabiashara wa Musumba katika ndege ya prezida wa Marekani! Hakuna klasi ya kwanza inayopita ile. Alitia sahihi kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo, lakini aliporudi nyumbani akaanza tena kuvuta siku.

Mwisho wa kujitenga ulitoka hapa kwetu. Ndege za vita za Sweden zilikuwa zimewekwa BAKA, na mwisho wa Desemba 1962 ziliruka kutoka hapa zikapiga kiwanja cha ndege cha Kolwezi. Januari 1963 yote yaliisha. Tshombe akaenda uhamishoni Hispania.

Wengi walizani ameisha. Lakini Julai 1964, uasi wa Wasimba ulipokuwa umekamata sehemu kubwa ya mashariki, Kasavubu alimwita arudi, akamfanya Waziri wa Kwanza wa Kongo nzima. Mtu aliyetaka kuikata inchi akapewa kazi ya kuishona.

Hapa njo tunafika kwenye kisa ambacho kinatufundisha zaidi juu ya viti na ndege. Oktoba 1964 Tshombe alitaka kuhuzuria mkutano wa inchi zisizofungamana na upande wowote, kule Cairo. Wakubwa wengi wa Afrika hawakumtaka, juu ya damu ya Lumumba. Ndege yake ya pekee ilipokaribia Cairo ilinyimwa ruhusa ya kutua, kama vile ile ya Kasavubu na Lumumba ilivyonyimwa. Ikaishia Athènes. Hapo Tshombe akafanya jambo la akili: akapanda ndege ya kawaida ya abiria, pamoja na watu wengine, akafika Cairo. Wamisri hawakuweza kuigeuza ndege nzima ya watu juu ya mtu mmoja. Kweli, mkutanoni hakuingia, walimweka siku chache katika jumba chini ya ulinzi kisha wakamwacha aende. Lakini alitua, na akatoka muzima.

Mwezi uliofuata BAKA ilijaa tena. Ndege za Marekani zilileta paracommando Wabelgiji zaidi ya 500, na alfajiri ya tarehe 24 Novemba wakaruka juu ya Stanleyville kuokoa mateka. Tshombe alikuwa amekubali. Afrika ikakasirika zaidi. Oktoba 1965 Kasavubu alimfukuza, na tarehe 24 Novemba Mobutu akachukua inchi. Tshombe akarudi Hispania. Machi 1967 tribinali ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwako.

Tarehe 30 Juni 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, alikuwa katika visiwa vya Baleares vya Hispania. Akapanda ndege ndogo ya binafsi, jet aina ya HS 125, yenye mapiloti wawili Waingereza na abiria wachache. Ilikuwa raha yote: hakuna kupanga mstari, hakuna jirani wa kukusumbua. Mmoja wa wale abiria, Mfaransa Francis Bodenan, alitoa bunduki na kuwaamuru mapiloti waende Algeria. Korti kuu ya kule ilikubali apelekwe kwa Mobutu, lakini Prezida Boumédiène hakumtoa. Hakumwacha huru vilevile.

Sasa tulinganishe. Julai 1968 watekaji Wapalestina walipeleka Algiers ndege ya abiria ya El Al iliyotoka Roma. Tshombe alikuwa bado kifungoni katika inchi ile ile. Abiria wengi waliachwa upesi. Juu ya wale waliobaki, serikali zilibishana na chama cha mapiloti wa dunia kikatishia kuigomea Algeria. Mpaka mwanzo wa Septemba wote walikuwa wametoka. Wachimbaji wanajua nguvu hii: ni ya sindika, ya watu wa kazi moja kusimama pamoja. Kwa Tshombe hakuna chama cha mapiloti kilichotishia kugoma. Alikufa tarehe 29 Juni 1969, ikibaki siku moja tu atimize miaka miwili kifungoni. Alikuwa na miaka 49. Madaktari walisema ni moyo, watu wengi hawakusadiki. Akazikwa Etterbeek, Ubelgiji, mbali na Musumba.

Basi klasi ya kwanza iko na kesho? Tunavyoona, haikufa kwa sababu wakubwa wamejifunza unyenyekevu. Sehemu moja iligeuka kuwa business, ambayo ilianza mwisho wa miaka ya 1970 na leo iko na kiti cha kulala. Matajiri wakubwa nao wametoka ndani ya ndege yetu kabisa, wako katika jet zao. Mobutu, aliyemtaka Tshombe afe, alikodi hata Concorde mpaka Gbadolite, wakati Air Zaïre ilikuwa inakufa polepole mpaka ikafilisika mwaka wa 1995. Viti vichache vya klasi ya kwanza vitabaki kwa kompani chache, kama mapambo.

Kwa sisi jambo si pazia la mbele. Zamani mukubwa wa klasi ya kwanza na mwalimu wa klasi ya nyuma walikuwa na piloti mmoja, mafuta mamoja na piste moja. Ndege ikichelewa, wote wanachelewa, na mukubwa anapiga simu. Siku mukubwa anapopata ndege yake, hana tena haja ya kuuliza kama ile ya watu wote imetengenezwa. Njo hasara yetu kubwa kuliko kupotea kwa kiti kipana. Shaba na kobalti zinazotoka katika mikono ya watu wetu zinaweza kulipa ndege nzuri, salama, ya bei ya kufaa, yenye kuunganisha Kamina na miji mingine, na hayo njo ya kudai kwa wale tunaowachagua.

Wao pia wamkumbuke Tshombe. Ndege ya watu wengi ilimfikisha Cairo wakati ile ya pekee imekataliwa, na ile ya pekee njo iliyompeleka mahali hakurudi.