De Havilland: Mhandisi ambaye jeti yake ilipimwa kwa hewa ya Eastleigh

KABLA ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka wa 1958, lango kuu la Nairobi kwa usafiri wa angani lilikuwa Eastleigh, mahali palipokuja kuwa kambi ya wanahewa wa Kenya.

Ni hapo, mnamo 1950, ndipo Comet, ndege ya kwanza duniani ya abiria iliyotumia injini za jeti, ilipoletwa kufanyiwa majaribio. Mwasisi wa kampuni iliyoiunda alikuwa Mwingereza Sir Geoffrey de Havilland, mzee ambaye safari za angani zilimgharimu wana wawili.

Alizaliwa Julai 27, 1882, mwana wa kasisi. Akiwa kijana, alimwomba babu yake pauni 1,000 kuwa urithi wake, akaunda injini na ndege yake mwenyewe. Mkewe, Louise, ndiye aliyeshona kitambaa cha mabawa. Ndege hiyo ilianguka Desemba 1909 mara tu ilipoinuka. Aliunda nyingine, nayo ikaruka mwaka uliofuata.

Mnamo 1920 alianzisha kampuni yake. Wakenya waliziona ndege zake mapema: Wilson Airways ilianza kazi Nairobi mwaka wa 1929 kwa ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, na East African Airways ikaanza mwaka wa 1946 kwa ndege sita za Dragon Rapide.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kilio. Mwanawe John alikufa mwaka wa 1943 ndege mbili zilipogongana angani. Septemba 27, 1946, kifunguamimba wake, Geoffrey, alifariki wakati ndege ya majaribio, DH 108, ilipovunjika ikikaribia kasi ya sauti.

Mzee huyo hakuacha kazi. Comet iliruka kwa mara ya kwanza siku alipotimiza umri wa miaka 67, Julai 27, 1949.

Injini zake nne aina ya Ghost, zilizobuniwa na Frank Halford, zilifichwa ndani ya mabawa, karibu na kiwiliwili cha ndege. Hewa iliingia kupitia matundu yaliyokuwa mbele ya bawa. Mpangilio huo ulipunguza ukinzani wa upepo, na injini moja ilipozimika ndege haikuvutwa sana upande mmoja.

Injini ya jeti huvuta hewa, huibana, huichoma pamoja na mafuta na kuitoa nyuma kwa nguvu. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Hivyo basi injini hupata hewa kidogo na kupoteza nguvu, huku ndege ikihitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Ndiyo sababu Comet ilipimwa Nairobi, na pia katika joto la Khartoum.

Mwaka wa 1954 Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia na kuua watu 56. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikuwa la injini, bali kiwiliwili kilichochoka kwa shinikizo la hewa la mara kwa mara.

Kampuni iliunda Comet 4, yenye injini za Rolls-Royce Avon zilizokuwa na nguvu takriban mara mbili ya zile za awali. East African Airways ilizipokea kuanzia mwaka wa 1960.

De Havilland alifariki Mei 21, 1965. Miaka minne baadaye, Concorde iliruka. Matundu yake ya hewa yalikuwa na vibao vilivyosogea ili kupunguza kasi ya hewa kabla haijafika kwenye injini, kwani injini hizo hazingeweza kumeza hewa iliyopita kasi ya sauti.

Kati ya 1976 na 2003, abiria wa kawaida walivuka wakiwa vitini mpaka ule ambao mwanawe alikufa akiukaribia.