Mo Amin na Ndege Iliyokaukiwa Mafuta

Jina la Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo, si geni kwa wasomaji wa makamo. Lakini vijana wengi ninaozungumza nao hapa Kapsoit wanamjua kwa kifo chake tu, tena nusu nusu. Wako wanaoshikilia kwamba ndege yake ililipuliwa kwa bomu. La hasha! Iliishiwa mafuta.

Mo alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikoshika kamera angali mwanafunzi, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Hakuwa mtu wa kungoja ruhusa. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Unguja kwa karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa nchini, akahamia Nairobi.

Watu wa ng'ambo humkumbuka kwa njaa ya Ethiopia. Picha alizopiga Korem, zikaonyeshwa na BBC Oktoba 23, 1984, ziliwatoa watu machozi na fedha dunia nzima. Nami sizibezi. Ila kwetu Wakenya naona kazi yake kubwa zaidi ni ile ya Julai 5, 1969, siku Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi. Mo alifika mbio na kamera yake, na kwa hiyo tunayo kumbukumbu ya saa ile chungu.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mlipuko ulimwua mwenzake aliyekuwa akinasa sauti, naye Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia.

Jumamosi, Novemba 23, 1996, yeye na mwandishi mwenzake Brian Tetley walipanda ndege ya Shirika la Ethiopia, Boeing 767, kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu wakaiteka, wakidai wana bomu, wakataka kupelekwa Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Wakamwonyesha gazeti la ndani ya ndege, lililoandika kwamba ndege ya aina ile yaweza kwenda mbali sana. Kweli yaweza, ikijazwa mafuta! Na gazeti hilo, Selamta, lilikuwa likichapishwa na Camerapix, kampuni ya Mo mwenyewe.

Hapa kwetu, kwenye njia panda ya Sondu, gari likikauka dereva huegesha kando akatuma kijana na mtungi. Angani hakuna kando. Injini moja ilizimika, kisha ya pili, na rubani akaishusha ndege baharini karibu na ufuko wa Ngazija. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, ndege ikavunjika vipande. Wengine walikuwa wamekwisha kujaza upepo maboya yao wangali ndani. Maji yalipoingia yakawabana juu darini wasiweze kutoka. Kati ya watu 175, walikufa 125, Mo na Tetley wakiwamo. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akijaribu kusema na watekaji.

Alikuwa na umri wa miaka 53. Ajali yenyewe ilinaswa kwa kamera na mtalii aliyekuwa ufukweni kwa mapumziko.