Bakhita, na Dada wa Nyumbani Kwetu

Muhula uliopita kikundi chetu cha semina kilipangiwa mada ya ulinzi wa manusura wa biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Tulikuwa watu saba na, kama mnavyozijua kazi za vikundi, waliofanya kazi walikuwa watatu. Mimi niliambiwa nilete mfano wa mtu mmoja. Nikamchagua Bakhita, kwa uvivu tu. Mwenzangu wa chumba amebandika picha yake ukutani juu ya kitanda, mtawa Mwafrika mwenye macho ya upole, nikajua habari zake zimeshaandikwa sana. Nilidhani ningemaliza usiku mmoja.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi ya Sudan, katika kabila la Wadaju. Kwao hawakuwa watu wa shida. Dada yake mkubwa aliibwa kwanza. Halafu na yeye, akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, akakamatwa na wafanyabiashara ya watumwa. Walimtembeza peku mpaka El Obeid, zaidi ya kilomita 900, na njiani aliuzwa na kuuzwa tena. Aliwahi kutoroka na msichana mwenzake, wakakamatwa. Hilo la Bakhita ni jina alilopewa na watekaji, neno la Kiarabu ambalo ni ndugu wa bahati yetu hii ya Kiswahili. Jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka kichwani kwa hofu, na hakulikumbuka tena mpaka anakufa.

Kwenye mateso sitakaa sana, maana walioandika habari zake hukaa huko mno, mpaka unajiuliza kama wanamhurumia au wanamtazama tu. Itoshe kusema kwamba katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa mwilini kwa wembe, chale 114, zikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Aliishi nayo maisha yake yote.

Kilichonishika mimi ni mwaka 1883. Mwaka huo alinunuliwa Khartoum na makamu wa konseli wa Italia, Callisto Legnani. Huyu bwana hakumpiga. Alimpa nguo. Kazi zilikuwa za kawaida za nyumbani na hakuna aliyemtukana. Ukisoma haraka utasema hapo ndipo alipookolewa, na mimi kwenye rasimu yangu ya kwanza niliandika hivyohivyo. Majeshi ya Mahdi yalipousogelea mji, Legnani akajiandaa kurudi kwao, na Bakhita akamwomba amchukue. Wakasafiri mpaka bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka 1885 wakapanda meli kwenda Genoa. Walipofika, Legnani akampa mke wa rafiki yake aliyesafiri naye, Augusto Michieli. Akampa tu, kama mtu anavyotoa zawadi ya kanga. Kumbe miaka yote ile ya wema alikuwa bado ni mali ya mtu.

Hapo kalamu yangu ilisimama. Nyumbani kwetu, nikiwa darasa la tatu, alikuwepo msichana tuliyemwita Dada. Aliletwa na mama mmoja aliyekuwa akileta mabinti kutoka kijijini baada ya mavuno, kila nyumba ikimpa chochote kwa usumbufu. Alikuwa na miaka 12, labda 13. Wazazi wake waliahidiwa kwamba mjini angejifunza cherehani. Cherehani hakuigusa. Aliamka kabla yetu sote, akanichemshia uji, akanipeleka mpaka kituo cha basi, na jioni akanisubiri palepale. Mshahara wake alikabidhiwa yule mama, na ulifika wapi sijui. Hakupigwa. Alikula tulichokula, ingawa alikula jikoni. Nyumbani tulikuwa tukisema, na mimi nikirudia kwa watoto wenzangu, kwamba tumemwokoa na umaskini.

Sasa turudi Italia. Bakhita aliishi na akina Michieli karibu na Venice, akamlea binti yao, Mimmina, aliyezaliwa mwaka 1886. Walipendana sana. Baadaye akina Michieli wakanunua hoteli kule Suakin, na mwishoni mwa mwaka 1888 yule mama, akitaka kumfuata mumewe, akamwacha Bakhita na mtoto kwenye nyumba ya masista wa Canossa mjini Venice, nyumba ya kuwapokea na kuwafundisha waliotaka kubatizwa. Kwake yeye ilikuwa mahali pa kuwahifadhi mpaka atakaporudi. Aliyehangaikia mpango huo ni msimamizi wa mali za familia hiyo, Illuminato Checchini, ambaye ndiye aliyewahi kumpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha.

Ndani ya nyumba ile alikaa karibu mwaka mzima. Alikula, akalala, akafundishwa. Alikaa mahali ambapo hakuna aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mwili wake. Yule mama aliporudi kuwachukua, Bakhita akasema haondoki. Mama akabembeleza, akakasirika, akamwita asiye na shukrani. Siku kadhaa zilipita hivyo, na Mimmina akilia asitenganishwe na mlezi wake. Mkuu wa masista akapeleka habari kwa wenye mamlaka. Kikao kikakaa, akiwemo askofu mkuu wa Venice na mwendesha mashtaka wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo mwanamke huyu si mtumwa wa mtu yeyote. Alikuwa na miaka 20 hivi. Akaulizwa anataka kwenda wapi, akachagua kubaki palepale.

Nilipolisoma hili mara ya pili ndipo nilipoona jambo lililonikosesha usingizi. Sheria ile haikutungwa mwaka 1889. Ilikuwepo tangu siku Bakhita aliposhuka melini Genoa. Kwa miaka minne alitembea juu ya ardhi ambayo kisheria ilikuwa imeshamwacha huru, na hakuna aliyemwambia. Lugha ya nchi ilimshinda, pesa hakuwa nazo, ndugu hakuwa nao. Angesema haondoki akiwa nyumbani kwa tajiri yake, angelala wapi usiku ule? Mlango wa wale masista ndio uliomfikishia sheria.

Kwenye semina, kurasa nyingi za wenzangu zilikuwa za adhabu. Sisi wanafunzi tunapenda kuhesabu vifungo na faini, kwa kuwa vinanukulika vizuri kwenye mtihani. Sikatai adhabu. Ila Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya Tanzania, ya mwaka 2008, haikuishia kwenye kufunga watu. Imeanzisha kamati, sekretarieti na mfuko kwa ajili ya wahanga. Kenya nayo ilitunga yake mwaka 2010, ikiwa na mfuko wa kuwasaidia. Vipengele hivyo ndivyo vinavyosomwa kwa haraka darasani, na bajeti inapobana ni rahisi kuvisahau, maana mfuko usio na kitu haupigi kelele. Msichana aliyetolewa nyumba ya watu leo saa nne usiku anahitaji kitanda saa tano. Kesho anahitaji daktari na afisa ustawi wa jamii ambaye hana mafaili mia mezani. Baada ya hapo anahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mradi wa miezi mitatu hauna. Ukimpa nauli tu umrudishe kijijini, unamrudisha kwa yuleyule mama wa mabinti. Na dada zetu wanaorudi kutoka kazi za ndani za Ghuba, wengine wakiwa wamenyang'anywa pasi za kusafiria na waajiri, wanatua uwanja wa ndege na begi moja. Pale nje anayewasubiri mara nyingi ni dereva wa teksi.

Kwa Bakhita muda ulikuwepo. Alibatizwa Januari 1890, na katika majina aliyopewa limo Fortunata, ambalo ni Bakhita ileile kwa lugha yao. Akaweka nadhiri za utawa mwaka 1896. Kuanzia mwaka 1902 akaishi Schio, mji mdogo wa kaskazini, akipika, akidarizi, na baadaye akiwa bawabu. Nimelipenda sana hilo la ubawabu. Mwanamke ambaye mlango mmoja ulimwokoa akapewa mlango wake wa kufungua, na watoto wa mji wakazoea kuisikia sauti yake. Wenzake walitaka habari zake ziandikwe, akazisimulia, na kitabu kikatoka mwaka 1931. Akazungushwa miji mingi ya Italia kuhutubia, jambo ambalo inasemekana halikuwa rahisi kwake, kusimama mbele ya umati wa watu waliokuja kumwangalia. Mwaka 2000 Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu, na tarehe 8 Februari, siku aliyokufa mwaka 1947, sasa ni siku ya Wakatoliki duniani kuombea wahanga wa biashara hii.

Lakini kifo chenyewe ndicho ninachotaka kila anayepanga miradi akisome. Alikuwa amezungukwa na watu waliompenda, katika nchi aliyoishi huru kwa zaidi ya miaka 50. Katika homa ya siku za mwisho akawa anamsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwamba ni mizito. Miaka hamsini na kitu, jamani! Sisi kwenye andiko letu la kikundi tulikuwa tumependekeza ushauri nasaha wa wiki sita. Nilikata mstari huo mwenyewe, tukabishana mpaka saa saba usiku, na mwisho tukaandika kwamba huduma isiwe na tarehe ya kuisha. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni. Pengine ana haki, maana hatukusema pesa zitatoka wapi.

Dada wa kwetu aliondoka nikiwa darasa la tano. Alianza kuumwa umwa, ikaonekana ni mzigo, akapelekwa stendi alfajiri na mfuko wa rambo wa nguo zake. Sheria ya 2008 ilikuwepo. Sheria ya Mtoto ya 2009, inayosema umri wa chini wa ajira ni miaka 14, nayo ilikuwepo. Mtaani kwetu tulikuwa na ofisi ya serikali ya mtaa, hatua chache tu kutoka getini, na kila siku alipita pale akinishika mkono.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama kumwuliza jina lake halisi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema hakumbuki, maana wote tulimwita Dada, lakini atamtafuta yule mama aliyemleta, kama bado ana namba yake. Mpaka naandika haya hajanipigia.