Robert Bosch: Fundi aliyeipa dizeli presha ya kuendesha malori

JINA la Bosch limeandikwa ubavuni mwa pampu za dizeli za malori mengi ya zamani, na mafundi wa gereji hulitaja kila siku. Si wengi wanaokumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu, mtoto wa mkulima na mwenye nyumba ya wageni.

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa wa 11 kati ya watoto 12.

Alijifunza ufundi wa vyombo vidogo mjini Ulm. Mwaka 1884 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison, kisha akapitia Uingereza kabla ya kurejea nyumbani.

Novemba 15, 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart akiwa na wasaidizi wawili. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki. Kilichomwinua ni magneto, kifaa cha kutoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, ambacho karakana yake ilikifunga kwenye chombo cha barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1897.

Bosch hakuvumilia kazi ya kulipua. Hata hivyo, hakuwakamua wafanyakazi wake: mwaka 1906 aliwapunguzia kazi hadi saa nane kwa siku, wakati viwanda vingi vilikuwa vikidai saa nyingi zaidi.

Injini ya dizeli ilimletea mtihani mwingine. Injini hiyo haihitaji cheche. Hewa hubanwa hadi ikapata joto kali, kisha mafuta huingizwa na kuwaka yenyewe. Mvumbuzi wake, Rudolf Diesel, alifanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, lakini aliyapuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa. Mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mzito, hivyo injini ikafaa viwandani na melini, si kwenye lori.

Mwaka 1921 Bosch alifiwa na mwanawe wa kiume baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 61, aliamua kampuni yake itengeneze pampu ndogo ya kusukuma dizeli bila msaada wa hewa. Uzalishaji ulianza mwaka 1927.

Ndani ya pampu hiyo, kila silinda ya injini ina pistoni yake ndogo. Pistoni hiyo huisukuma dizeli hadi kwenye nozeli kwa presha inayozidi mara 100 ya hewa ya kawaida. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wake ni elfu chache tu za milimita, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe.

Usahihi huo ndio unaomwongoza fundi lori kuukuu linapogoma kuwaka asubuhi au kuishiwa nguvu mlimani. Mara nyingi pampu hulaumiwa bure, na mwenye lori huingia gharama kubwa kwa kosa lililoko kwingine.

Fundi makini huanza mbali na pampu. Hukagua kama tangi linapitisha hewa, kama chujio limeziba, na kama pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tangini ina nguvu ya kutosha. Kisha hulegeza skrubu ya kutolea hewa na kutazama: mapovu yakitoka bila kukoma, kuna bomba au kiungo kinachovuta hewa. Hewa hubanika, hivyo presha hupotea kabla ya kuifungua nozeli.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo nozeli hupelekwa kwenye mashine ya kupimia, na mwisho pampu yenyewe. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayopuliza, kwa kuwa mafuta hayo hupenya ngozi na yanaweza kusababisha mtu akatwe kiungo.

Maji, vumbi au mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli huikwaruza pistoni. Ikishakwaruzwa, mafuta huvuja pembeni na presha hushuka.

Miaka ya mwisho ya Bosch iliangukia utawala wa Wanazi. Aliuchukia utawala huo, akasaidia Wayahudi na kuwaunga mkono wapinzani wake kwa siri. Lakini viwanda vyake viliuzalishia vifaa vya kivita na kutumia watu walioshurutishwa kufanya kazi. Doa hilo limebaki katika historia ya kampuni.

Mwaka 1940 hospitali aliyoigharamia ilifunguliwa mjini Stuttgart. Alifariki dunia mjini humo Machi 12, 1942, akiwa na miaka 80. Wakati huo malori ya dizeli yalikuwa tayari yamesambaa Ulaya, yakitegemea pampu za aina aliyoanza kuizalisha miaka 15 kabla.