Maisha ya Dakta Krapf

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Ludwig alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya mno kwa kosa la mtoto mwingine. Akaugua miezi sita. Katika siku zile za kulala kitandani alisoma Biblia na vitabu vya ibada, akaanza kufikiri sana habari za uzima wa milele. Hata alipopata nafuu, wakati wa mavuno, aliwasimulia wavunaji hadithi za Biblia shambani, na mzee mmoja akamwambia baba yake kwamba kijana huyu atakuwa mchungaji.

Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha wamisionari mjini Basel. Huko alisoma maandiko ya wacha Mungu wa zamani, kama Jakob Böhme, fundi viatu wa Ujerumani, na Bibi Guyon wa Ufaransa. Vitabu hivyo vimewafariji watu wengi, lakini ni vyenye kina kirefu. Krapf alizama ndani yake kama mtu aingiaye maji asiyoyajua, akaiacha nia ya kwenda umisionari, akatoka chuoni. Akasoma elimu ya dini huko Tübingen, akawa msaidizi wa mchungaji. Baadaye rafiki yake mmoja akamtia moyo tena, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi, akitumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza.

Alipofungiwa njia ya Uhabeshi alikuja pwani yetu. Mwaka 1844 Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, naye akakaa Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka ule alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Kazi ilikuwa haijafika mbali, homa ikaingia nyumbani mwake. Tarehe 13 Julai mkewe Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Watu wengi wangaliabiri chombo warudi kwao. Yeye aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa vita vimekwisha kuanza katika nchi hii, akaishika kalamu yake tena.

Mwaka 1846 mwenzake Rebmann alifika, wakajenga Rabai. Mwaka 1848 Krapf alikwenda kwa miguu mpaka Usambara, akaonana na mfalme Kimweri huko Vuga. Mwaka 1852 alikwenda tena, safari hii kwa njia ya bahari. Alishuka Pangani, akapanda milimani, akaomba ruhusa ya kuleta walimu. Kimweri akampokea kwa wema. Mwenzake mwingine, Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa, akiulizia kwa wasafiri habari za nchi za bara.

Lakini afya ya Krapf ilikuwa imevunjika, na mwaka 1853 akarudi Ulaya. Wala hakurudi kupumzika. Mwaka 1854 ilipigwa chapa huko Tübingen tafsiri yake ya Kiswahili ya sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Uingereza. Baadhi ya sala hizo zilikuwa zimekwisha kusaliwa kwa Kilatini zaidi ya miaka elfu moja. Zilitungwa na watu waliojua vita, njaa na tauni, ndiyo maana ziliwafaa watu wa kila nchi. Mtu mwenye huzuni mara nyingi hukosa maneno ya kusema mbele ya Mungu. Sala ya kale humpa maneno, kama mzee ampavyo mjukuu wake fimbo ya kutegemea njiani. Krapf, aliyepata nguvu katika vitabu alipokuwa mtoto mgonjwa, aliwaachia watu wa pwani akiba hiyo kwa lugha yao wenyewe.

Hakuwaona walimu wakikaa Usambara. Magila, katika nchi ya Wabondei, misioni ilianza mwaka 1868, na walimu wa Kilutheri walifika Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka 1891. Baadaye kule Vuga, alikoonana na Kimweri, pakawa na misioni pia, na mtambo wa kupigia chapa vitabu vya Kiswahili.

Krapf alikaa Korntal, katika nchi yake, akiandika kamusi kubwa ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Usiku mmoja aliingia chumbani kulala kama desturi yake. Asubuhi, tarehe 26 Novemba 1881, watu wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kama mtu asaliye, naye amekwisha kufa.